Tangi Kuukuu na Pua ya Kibirizi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, aliletwa Kigoma na kazi ya serikali, na tangu siku aliyoshuka kwenye treni hajaacha kutusikitikia. Anasikitikia umeme wetu, anasikitikia barabara ya Simbo, anasikitikia mawese yetu ambayo anadai yanampa kiungulia, ingawa sahani yake ndiyo ya kwanza kuisha. Hana ubaya. Ni mtu tu anayeamini kwamba kila kitu kizuri kilitengenezwa mwaka huu, na kilichotengenezwa mwaka jana kimeshakuwa aibu.

Huyo ndiye aliyenionyesha sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu. Alipofika alikuwa nayo moja ya zambarau. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa ameshabadilisha tatu, na ya mwisho ilikuwa na kioo kama cha simu, kinachoonyesha amevuta mara ngapi na kuwasha nyota za rangi kila anapopuliza. Ladha yake iliandikwa kuwa ni tikiti maji lenye barafu. Nilimtazama akiinyonya barazani kwangu Buzebazeba, mtu mzima, mwenye ofisi na funguo za gari la umma, na nikajiuliza ni lini mwanadamu alianza kuhitaji kioo cha kumjulisha kwamba amevuta pumzi.

Lakini nisijifanye. Nilimcheka nikiwa na sigara mkononi, na sigara ile ilikuwa inanilia kazi.

Kazi yangu ni pua. Nasema hivyo bila utani. Pale ufukweni Kibirizi dagaa wanaanikwa kwenye mchanga, kwenye nyavu na kwenye chanja, na wafanyabiashara wanaotoka Kahama, Tabora na ng'ambo ya ziwa hawana muda wa kumjua kila mwanikaji na tabia zake. Wananitafuta mimi. Nachota konzi katikati ya fungu, si juu, maana juu ni mahali pa maonyesho. Nawasugua dagaa kwenye viganja mpaka wapate joto, nanusa, kisha natafuna wawili watatu hivyohivyo bila kupikwa. Dagaa aliyekaushwa na jua la siku moja ana harufu safi, ya majani makavu na ziwa. Aliyenyeshewa akaanikwa tena anaweza kuyadanganya macho, atang'aa vilevile, ila akipata joto la viganja anatoa harufu ya nguo iliyofuliwa ikasahauliwa kwenye beseni. Meno yananiambia habari ya mchanga. Nikimeza, mnunuzi anachukua. Nikigeuka pembeni nikatema, sina haja ya kusema neno, na mwenye fungu hana haja ya kuuliza. Watu wote ufukweni wanaangalia shingo yangu, inameza au inageuka.

Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Huko wananiita Mdomo, na mimi nililipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na baba yangu.

Sasa fikiria mtu anayeishi kwa pua halafu anaichoma kila siku kwa pakiti nzima ya sigara. Ujinga huo haukuhitaji elimu kuuona. Ilifika siku mnunuzi mmoja wa Kahama akanipigia simu kuniambia kwamba magunia niliyompitishia yalifika yananuka maji. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba safari ijayo angekuja na mtu wake. Nilisingizia lori, nikasingizia turubai la lori, nikamsingizia dereva ambaye sijawahi kumwona. Lakini wiki hiyohiyo mke wangu aliniacha nimekaa karibu na jiko akaenda kwa jirani, na maharage yakaungua mpaka yakawa makaa, na mimi nipo palepale nasoma gazeti la zamani.

Aliyelisema jambo hilo kwa sauti alikuwa mwanamke mmoja wa Ujiji, mwanikaji, rika langu. Huyu alianza kuanika Kibirizi kabla yangu, na kwa usafi hakuna anayemfikia. Anafagia ufukwe wake kama sebule. Yeye ndiye mtu pekee pale ambaye hakuwahi kuitazama shingo yangu kwa wasiwasi, na jambo hilo lilikuwa linaniudhi. Siku moja nilimsifia fungu la mwenzake, akalichota, akalinusa, akanirudishia mkononi.

"Kaka, hawa wamelala na maji," alisema. "Pua yako imekufa, na umeiua mwenyewe."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kazi yake ni kuanika na kazi yangu ni kunusa, kila mtu abaki kwenye mkeka wake. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya mtu aliyeambiwa ukweli.

Nilikuwa nimeshajaribu kuacha mara nne. Kwa karanga, kwa tangawizi, kwa pipi, na mara moja kwa kiapo nilichokivunja kabla chai haijapoa. Kwa hiyo nikakubali kwamba labda hicho kidude cha shemeji kingenisaidia: ninyonye mvuke badala ya moshi, pua ipumzike, kisha nipunguze kidogo kidogo. Shemeji alifurahi mno. Alisema ataniagizia ya kisasa kabisa kutoka Dar, yenye kioo. Nilimwambia asijisumbue. Kumeza kiburi changu mbele ya mtu aliyeyatukana mawese kulikuwa kazi ngumu kuliko kuacha sigara.

Nilikwenda mtaa wa Mwanga hapa mjini, kwenye kibanda cha kijana mmoja anayeuza chaja, vioo vya simu na spika. Kwenye kabati lake, nyuma ya nyaya zilizojikunja, palikuwa na boksi lililopaushwa na jua. Ndani yake kulikuwa na betri nene kama tochi ndogo na juu yake tangi la kioo lenye vyuma huku na huku. Kijana mwenyewe alikiri kwamba alilikuta pale alipokabidhiwa kibanda, na muda mrefu alidhani ni chombo cha kupulizia manukato.

"Shikamoo mzee. Hiyo ya kitambo sana," aliniambia. "Watu siku hizi wanataka zile za kuvuta na kutupa."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniuzia. Za kuvuta na kutupa! Mimi ni mtu wa Kigoma. Nina pasi ya mkaa ya mama yangu na inanyoosha nguo mpaka leo. Tangi lile lilifunguka lote. Kulikuwa na kioo, mipira miwili ya kuzuia maji, bomba jembamba la katikati, na ndani ya bomba waya uliosokotwa na kuzungushiwa pamba. Pamba inakunywa dawa, yale maji yenye nikotini, waya unapata moto, mvuke unatoka. Nililielewa pale pale kwenye kaunta, kama ninavyoielewa injini ya boti. Bei yake ilikuwa ya kuku mmoja wa kienyeji, tena asiye mnene. Nikaongeza nyaya za akiba na vichupa viwili vya dawa yenyewe, ladha ya vanila, kwa sababu hakuwa na nyingine. Chupa zilikuwa na namba za ukali. Nilichagua namba kubwa kuliko zote, kwa imani kwamba kubwa ndiyo bora. Kijana hakunipinga, na sidhani alijua.

Nilipomwonyesha shemeji, alicheka mpaka akakohoa tikiti maji lake. Alisema kitu kile kilikuwa cha makumbusho. Alisema ladha yake itakuwa ya waya, kitavuja, kitaniunguza mdomo, na kwamba siku hizi hakuna mtu mwenye akili anayejaza dawa kwa mkono kama anayemnywesha ndama. Nikampulizia mvuke usoni. Ulikuwa mvuke wa kweli, mzito, uliojaza baraza lote, na kwa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Buzebazeba.

Kwa haki ya tangi lile niseme lililofanya. Wiki ya kwanza niliacha sigara kabisa. Si kwa sababu lilikuwa tamu, maana shemeji alisema kweli kuhusu ladha ya waya. Ni kwa sababu lilikuwa na usumbufu. Ukilijaza kwa haraka linakukoromea. Ukilivuta kabla pamba haijalowa linakupa moshi wa kitambaa kilichoungua, na koo lako linakukumbusha hadi jioni. Lazima lisimame wima, likilazwa linatokwa na machozi kupitia matundu ya chini. Kwa hiyo mtu hawezi kunyonya siku nzima kama shemeji yangu, anayezunguka na chake mdomoni kama mtoto wa chekechea. Mimi nilivuta asubuhi, mchana na jioni, nikilaani kila mara. Wiki ya pili nikaanza kujisifu. Nilimhubiria kila aliyekaa karibu: vitu vipya ni vya watu wasio na mikono, kioo cha kuhesabu pumzi ni cha mtu asiyejua kuhesabu, na mengine ya namna hiyo. Nikiyakumbuka leo nakunja uso.

Halafu, wiki ya tatu, pua ilirudi.

Ilirudi kidogo kidogo, kisha yote kwa mkupuo. Asubuhi moja nilitoka nje nikanusa ziwa kutoka Buzebazeba, mbali vile. Nikanusa sabuni kwenye shingo ya mke wangu, nikamwambia, akanitazama kwa mashaka kama nina jambo la kumficha. Kibirizi nilinusa petroli, nilinusa muhogo uliolowekwa, nilinusa kila fungu na siku zake. Nilipitisha magunia ya mnunuzi wa Tabora na sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilikuwa na furaha ya kutaka kulia. Miaka ishirini ya jina ilikuwa karibu kunitoka mkononi, na kidude cha bei ya kuku kilikuwa kimenirudishia.

Tatizo likawa kuvuja. Kilikuwa kinavuja kidogo tu, unyevu chini ya tangi, na nilijua ni mipira imezeeka. Mtu yeyote mwenye akili angetafuta mipira mingine. Mimi nikachukua mawese. Kwetu mawese yanatibu kila kitu: bawaba ya mlango inayolia, mnyororo wa baiskeli, kisigino kilichopasuka, nywele za mtoto. Nilipaka mipira yote miwili kwa kidole, nikakaza, na kweli ikanyamaza. Shemeji alipoona alishtuka, akasema mafuta yanaharibu mpira, unavimba na kulegea, na zaidi ya hapo mafuta hayatakiwi hata kukaribia kitu kinachoingia mapafuni. Nilimuuliza kama amewahi kuona bawaba inavuta pumzi. Nilidhani nimemshinda.

Mipira ilikaa imara siku nne. Tangi nilikuwa naliweka kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, wima, kama linavyotaka. Na hapa ndipo akili yangu yote ya injini za boti ilipoishia, maana sikufikiria kitu ambacho mtoto angekifikiria. Mimi nafanya kazi nimeinama. Tangu asubuhi hadi saa sita nainama juu ya fungu, nainuka, nainama tena. Hakuna mtu Kigoma nzima asiyefaa kubeba kitu hicho kwenye mfuko wa shati kama mimi.

Boti hazikuwa zimetoka kwa siku kadhaa kwa sababu ya mbalamwezi. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana. Zilipotoka tena zilirudi zimejaa, ufukwe ukawa mweupe wote. Wanunuzi walikuwa wengi na wana haraka, kwani mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Kongo. Yule mwanamke wa Ujiji alikuwa na fungu kubwa kuliko yote na zuri kuliko yote, lililokauka kwa jua la siku moja bila tone. Hana ghala pale. Desturi yake ni kuuza siku hiyohiyo, mnunuzi apakie, yeye arudi nyumbani na beseni tupu.

Mnunuzi wa Kahama alikuwepo, yuleyule wa simu. Alikuwa amekuja na mtu wake kama alivyoahidi, lakini akaniambia nianze mimi. Nililielewa hilo. Alikuwa ananipa nafasi moja ya mwisho, na watu wote walijua.

Nilishainama asubuhi nzima. Nilishajisikia ubaridi kifuani nikadhani ni jasho, nikaufuta kwa mkono. Nikachota konzi ya dagaa wa mama yule, nikasugua, nikanusa. Nilisikia biskuti. Nikasugua tena kwa nguvu zaidi. Biskuti, na nyuma yake kitu kikali. Sikuamini. Nikatafuna watatu, nikatafuna wengine watano, nikalamba kiganja kabisa, nikitafuta ladha ya dagaa chini ya ule utamu. Ulimi ukaanza kuchoma. Mate yakajaa mdomoni, masikio yakavuma, jasho la baridi likanitoka mgongoni. Niligeuza shingo. Sikutema tu, nilipiga magoti kwenye mchanga aliokuwa ameufagia na nikatapika mbele ya ufukwe mzima, mara tatu.

Kisha nikasikia mtu nyuma yangu akisema neno moja, dawa.

Kibirizi kuna tuhuma moja ambayo mwanikaji akishapewa haimtoki: kwamba amewapulizia dagaa dawa ya kuua inzi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwatemea watu wawili kwa tuhuma hiyo, na hawaaniki tena. Walinibeba kwenye bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma. Nilipogeuza kichwa nilimwona yule mama amesimama na ufagio wake, na wanunuzi wanatoka kwenye fungu lake kimyakimya, wanakwenda kwa wengine. Hakuwa analia wala kujitetea. Alikuwa anawanusa dagaa wake mwenyewe, akijaribu kuelewa.

Nyumbani mke wangu alinivua shati. Mfuko wa kushoto ulikuwa umelowa wote, ngozi chini yake imekuwa nyekundu, na tangi lilikuwa tupu. Nilinusa vidole vyangu. Vanila. Dawa ya namba kubwa kuliko zote, niliyoifuta kifuani kwa mkono na kuisugulia kwenye konzi ya dagaa safi, kisha nikailamba.

Hapo ilikuwa saa saba mchana. Niandike saa hiyo ijulikane, maana sina pa kujificha. Nilikuwa nimeshapata nguvu za kukaa. Bodaboda wapo kona ya kwetu. Kibirizi si mbali. Mke wangu alirudi kutoka sokoni saa tisa akasema habari imefika Mwanga, kwamba mama wa Ujiji amewapulizia dagaa dawa ya mbu na Mdomo nusura afe. Alisema hivyo akiwa amesimama juu ya ndoo yenye lile shati.

"Na hili?" aliuliza.

"Lifue," nikasema.

Nilikaa palepale. Nilijiambia bado nina kizunguzungu. Nilijiambia wataelewa wenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona sentensi moja mbele yangu, sigara ya umeme imenivujia mfukoni, na sikuweza kuifikiria ikitoka kwenye mdomo ambao watu waliupa herufi kubwa. Niliona mnunuzi wa Kahama akicheka. Niliona shemeji akicheka, na hilo, Mungu anisamehe, lilikuwa na uzito kuliko ufagio wa yule mama. Nilikuwa nimemdharau mtu kwa sababu ya nyota za rangi, na sasa nilikuwa nachagua kumzika mwanamke hai ili shemeji asijue kwamba alisema kweli kuhusu mpira.

Mvua ilinyesha alfajiri. Nilikuwa macho niliposikia bati zikianza, na nilijua turubai la yule mama lina matundu mangapi, kwa sababu nilishawahi kulicheka.

Saa nne asubuhi nikavaa. Mlangoni mke wangu alinipa mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na shati. Hakulifua.

Kibirizi nilizungumza nikiwa nimesimama, ili wote wasikie. Nilisema dagaa wale hawakuwa na dawa, nilikuwa na sumu yangu mwenyewe mikononi, na nilijua tangu jana mchana. Hawakuniamini. Nilichojifunza asubuhi ile ni kwamba neno langu lilikuwa na nguvu upande mmoja tu. Kuua liliweza kwa kugeuza shingo, kufufua halikuweza hata kwa hotuba. Mmoja akasema nimehongwa. Mwingine akasema Mdomo amezeeka. Ikabidi nitoe tangi, nilifungue vipande vipande mbele yao kama fundi wa saa, nieleze mipira, nieleze mawese, nieleze pamba, kisha nikatoa shati likapita mkono kwa mkono likinuswa. Hapo ndipo walipoamini, na hapo ndipo walipocheka. Walicheka sana. Kuna kijana alilia kwa kicheko amekaa juu ya gunia. Yule mama hakucheka.

Mnunuzi wa Kahama alifuta macho yake, akasema kama ni hivyo basi yeye hana kinyongo. Bado ana nafasi kwenye lori, na kama nitawaonja tena dagaa wale nikameza, atachukua wote.

Yule mama alikwenda akarudi na beseni la maji na kipande cha sabuni. Aliliweka mbele yangu chini. Nikanawa hadi kwenye viwiko, ufukwe mzima ukitazama, na alipoona nimemaliza akamwaga maji, akaleta mengine, nikanawa tena. Kisha akafunua turubai. Akachota konzi yeye mwenyewe, kutoka katikati, akaniwekea mkononi.

Nilisugua. Nilijua kabla joto halijafika. Pua yangu ilikuwa nzima, safi, kama ya kijana wa miaka ishirini, na ilinipa harufu ile bila kosa hata kidogo: nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Maji yalikuwa yamewafikia dagaa wote mpaka chini. Nilikuwa na dagaa watatu mdomoni, na nilichotakiwa kufanya ni kumeza. Mnunuzi alikuwa ananitazama. Mtu wake alikuwa ananitazama. Nikimeza, deni langu kwa yule mama lingefutika pale pale, na magunia yangefika Kahama yananuka, na mtu mwingine angewala dagaa hao. Nilimtazama yeye anisaidie.

"Usinihurumie, kaka," alisema. "Sema unachonusa."

Nikageuza shingo, nikatema.

Dagaa wake walichukuliwa na mfuga kuku wa Simbo. Sijavuta tena tangu siku ile, si kwa ushujaa wowote, ni kwamba harufu ya vanila inanitapisha na harufu ya sigara inanikumbusha. Shemeji aliniletea ya kioo, mpya kwenye boksi, akidhani nina huzuni ya tangi. Nilimrudishia kwa adabu, na nikamwambia kwamba mpira ulivimba kama alivyosema. Alifurahi siku nzima.

Kazi bado ninayo. Ila Kibirizi sasa sigusi fungu la mtu kabla sijawekewa beseni, ni desturi, hata walioanza jana wanaijua na hawajui ilitoka wapi. Siku ile, nilipokwisha kutema, yule mama alibaki ameshika ukingo wa turubai lake. Alinusa kiganja chake mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

"Kweli wamelala na maji," alisema. "Basi pua yako imefufuka."

Kisha akachukua ufagio, akaanza kufagia pale nilipokuwa nimetema.